Simu ituambie ukweli: rezo imekufa ama imekatwa?

Wandugu vijana wa Salamabila, Kabambare na Kasongo, na ninyi mulio Kindu na Bukavu,

Kila mutu hapa anajua haya maneno kwa kichwa: «Problème de connexion ou code IHM incorrect». Rezo iko chini, yanatoka. Mazutu ya antene imekwisha, yanatoka. Umekosea namba moja, yanatoka tu. Neno moja kwa magonjwa yote, sawa munganga mwenye kupatia kila mugonjwa parasetamoli na kumufukuza.

Na IHM ni nini? Sisi tuko na diplome kwa ukuta na kazi hapana, na bado tulipashwa kutafuta. Ni «Interface Homme-Machine», yaani pahali mutu na mashini wanaongea. Eti wanaongea!

Mama mumoja wa soko hapa Salamabila alitumia mutoto wake kule Kasongo feza ya masomo. Simu ikasema «problème». Akatuma tena. Kisha tukaona feza imeenda mara mbili, na yeye alikuwa ameikopa. Kwa ofisi walimujibu: mama, rudi kesho. Kama simu ingesema tu «feza imetoka, jibu halijarudi, usitume tena», angengoja.

Wataalamu wanasema mukionesha mutumiaji mambo mengi, atachanganyikiwa. Si uongo wote. Hatuombi simu ya mama ijae namba. Kwa wenye kupenda namba, ping iko toka 1983. Tunaomba neno moja la wazi kwanza, na chini yake fasi ya kugusa kwa mwenye kutaka kujua zaidi. OONI Probe, programu ya kupima kama saiti zinazuiwa, inafanya vile: inakuambia kwanza kama kuna dalili ya kuzuiwa, ukigusa inafungua data yote. Kwa hiyo inawezekana. Wasiofanya hawakushindwa na ufundi. Kuficha kuna faida.

Mukumbuke tarehe 31 desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi. Intaneti ilikatwa inchi yote, ikarudi kisha siku karibu 20. Januari 2015 walikuwa wamekwisha kufanya vile. Na simu zilisema nini? «Hakuna muunganisho», sawa siku yoyote. Watu walizima simu, wakawasha, wakatoa kadi ya SIM, wakapuliza, wakarudisha. Tulipuliza kadi zetu kwa sababu ya amri ya serkali!

Angalia sasa RAM. Toka 2020 ilikuwa inakula unite zetu, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G. Lakini ile ilikuwa na jina, wanainchi walijua nani anakula, wakaipinga kwa barabara na kwa bunge, mpaka ikafutwa 2022. «Problème de connexion» utaiandamania wapi?

Neno la ukweli liko tayari duniani. Toka 2016 kanuni za intaneti ziko na kode 451: inaambia musomaji kwamba ukurasa umezuiwa kwa sheria, na inataka ielezwe nani ameomba uzuiwe. Tunajua, kode hiyo ni ya kurasa tu. Rezo yote ikizimwa haina pa kuandikwa. Njo maana tunataka SMS mbele ya kukata, si kisha.

Kwetu hii si mambo ya wapenda kompyuta. Usiku risasi zikilia upande wa machimbo, tunapiga simu kwa wandugu wa kijiji cha pili wakimbie. Kama antene yetu njo imekufa, kijana anapanda kilima kutafuta rezo ingine. Kama imekatwa fasi zote, kupanda ni kupoteza saa. Heri kutuma motari. Ni simu ya kutuambia, na inanyamaza.

Tunadai ARPTC ilazimishe kampuni zote za simu: kila kosa liseme sababu yake kwa Kiswahili na kwa luga zingine za watu, na kila kukatwa kwa amri kuseme amri ya nani na mpaka lini. Barua tuko tunaiandika. Mwenye picha ya ekra yenye kosa atutumie wiki hii, tarehe na saa zionekane, namba ya simu aifiche.