MBWA ANAYEKONDA APIMWE, TUSIBAHATISHE



Mahindi yakianza kubeba wote tunamkumbuka mbwa, maana ndiye askari wetu kwa nguruwe na ngedere. Lakini akikonda tunasema, "Kazeeka huyo," au "Karogwa." Mwingine anampa kidonge cha minyoo, basi, kamaliza. Sisi tunasema hapana.

Mbwa mmoja anaweza kubeba wadudu wa namna nne au tano kwa wakati mmoja. Nje ana kupe na viroboto. Tumboni ana minyoo ya safura inayofyonza damu, na tegu anayempata akimeza kiroboto. Ndani ya damu mna vijidudu vinavyoletwa na kupe, au vya nagana vinavyoletwa na mbung'o. Karibu wote wanamkondesha na kumlegeza. Ufizi mweupe unaweza kutokana na safura, na pia na kupe. Mkojo mwekundu tunamshuku kupe, jicho lenye ukungu tunamshuku mbung'o, lakini kushuku siyo kujua. Na dawa ya minyoo haiui vijidudu vya damu.

Kwa watoto tunalijua hili. Mtoto mwenye homa hupimwa damu, na daktari akiona haja, choo pia, maana malaria na minyoo hukaa mwili mmoja. Mbwa naye ni hivyo hivyo: kinyesi kibichi kwenye kichupa safi, tone la damu juu ya kioo, mtaalamu atazame kwa darubini. Tanga mjini kipo kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kinachoshughulikia mbung'o na kupe. Njia yetu ya kufika huko ni bwana mifugo.

Wapo watakaouliza, pesa ya mbwa itoke wapi na watu wana shida? Swali ni la haki. Lakini mayai ya minyoo ya mbwa hubaki kwenye udongo wanaochezea watoto wetu, na safura wa mbwa hupenya ngozi ya mguu peku. Kumpima mbwa ni kumkinga mtoto.

Tunapendekeza mkutano ujao wa ushirika ukubali siku moja, kabla mahindi hayajabeba. Kila mwenye mbwa amlete kwa kamba, tuchange pamoja, bwana mifugo achukue vipimo vya wote, na sindano ya kichaa cha mbwa ichomwe siku hiyo hiyo. Na tuache kuwapaka oili chafu. Mbwa hujiramba, ni sumu.

Askari mgonjwa halindi shamba.

Katibu wa Tawi