Ushauri Uliofichwa Haumkingi Mfanyakazi



Katika mkutano wa tawi letu hapa Musaga, ndugu mmoja wa kiwandani alisimama akauliza: "Mambo ya atomiki yanatuhusu nini sisi, na hali mshahara haufiki mwisho wa mwezi?" Swali hilo ni la haki, na wengi walipiga makofi. Tunalijibu hapa ili hata wenzetu wa mashamba ya chai na miwa wapate kusoma.

Yanatuhusu kwa sababu mwezi wa Julai 2023, huko Saint Petersburg, nchi yetu ilitia sahihi mapatano na Urusi juu ya kutumia nguvu za atomiki kwa kazi za amani. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo, jirani zetu wa Rwanda walipatana na kampuni ya Dual Fluid kujenga mtambo wa majaribio. Kenya nayo ina mpango wake, na mwaka 2024 wananchi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana wakisema usijengwe kwao.

Sisi hatupingi umeme. Umeme ukikatika mashine husimama, na mashine ikisimama kibarua hurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini siku mtambo huo ukija, watakaofungua vali zake na kufagia sakafu yake ni watoto wetu, si wale waliotia sahihi.

Tanuri la atomiki linafanya kazi hivi. Ndani yake mna fimbo za urani. Urani ikipasuka hutoa joto, joto huchemsha maji, na mvuke huzungusha mashine ya umeme. Mpaka hapo ni kama boila tunayoijua. Tofauti ni mbili. Kwanza, hata tanuri likizimwa, zile fimbo huendelea kutoa joto, zisipopozwa huyeyuka. Pili, mionzi yake haionekani wala hainuki. Mfanyakazi hawezi kujilinda kwa macho na pua yake. Lazima ategemee neno la mtaalamu.

Ndiyo sababu nchi zenye mitambo hiyo huweka kamati za ushauri. Ni watu wa elimu ya juu, mainjinia na mabingwa wa fizikia, ambao wanasoma michoro, wanauliza maswali, kisha wanaiandikia serikali: hapa pako salama, hapa hapajawa salama. Kamati hiyo haitoi amri. Inatoa ushauri tu. Basi swali letu ni hili: ushauri ukitolewa, nani anausikia?

Tazameni yaliyotokea Marekani. Mwaka 1956 kampuni moja iliomba ruhusa ya kujenga tanuri la atomiki lililoitwa Fermi, kando ya Ziwa Erie, si mbali na mji wa Detroit wenye viwanda vingi vya magari. Mwezi wa Juni kamati ya ushauri ikaandika kwamba bado hakuna ujuzi wa kutosha wa kuhakikisha kuwa tanuri la namna hiyo, mahali hapo, halitahatarisha watu. Tume ya Nguvu za Atomiki, chini ya Lewis Strauss, haikuutangaza waraka huo. Mwezi wa Agosti ikatoa ruhusa ya kujenga.

Nani aliyepiga kelele? Vyama vya wafanyakazi! Chama cha wafanyakazi wa magari, kilichoongozwa na Walter Reuther, pamoja na vyama vingine viwili, viliipinga ruhusa ile mpaka mahakamani. Mwaka 1960 vilishinda katika mahakama ya rufani. Mwaka 1961 vilishindwa katika Mahakama Kuu kabisa, majaji saba kwa wawili.

Je, walipoteza bure? Hapana. Mwaka 1957, baada ya makelele yale, bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoiweka kamati ya ushauri ndani ya sheria yenyewe, na kuagiza kwamba ripoti zake juu ya maombi ya ruhusa ziwekwe wazi mbele ya watu. Hiyo ndiyo faida ya kelele zao. Na tarehe 5 Oktoba 1966, kipande cha madini kilibanduka ndani ya tanuri la Fermi, kikaziba njia ya kupoza, na sehemu ya fimbo ikayeyuka. Kwa bahati mionzi haikuenea kwa watu. Kipande hicho kilikuwa kimeongezwa kwa ajili ya usalama! Kwa hiyo, ndugu, hata mtaalamu hukosea. Dawa yake ni kazi yake ionekane, watu wengi waikague.

La pili ni la Chernobyl. Lakini kwanza tuseme la kwetu.

Tuliwahi kukaa katika kamati ya usalama ya kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja. Tulikuwa watu watano, wote tumechaguliwa na mkurugenzi. Kwa mwaka mzima tulikutana mara mbili, tukanywa soda, tukatia sahihi karatasi iliyokwisha kuandikwa. Mwenzetu wa boila alijua kwamba vali ya kutolea mvuke inakwama. Hakuna aliyemwuliza, wala sisi hatukumwuliza. Siku ilipokwama kabisa, yeye ndiye aliyeungua mikono, na yeye ndiye aliyepewa barua ya uzembe. Karatasi iliyosema "kila kitu sawa" ilikuwa na sahihi yetu. Aibu hiyo tunayo mpaka leo.

Sasa Chernobyl. Tarehe 26 Aprili 1986 tanuri la nne lilipasuka. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilikuwa na kikundi chake cha washauri, kilichoundwa mwaka 1985. Mwaka 1986 kikundi hicho kiliandika ripoti kwa kufuata maelezo yaliyoletwa na wajumbe wa Urusi ya Kisovyeti, na lawama kubwa ikawaangukia wafanyakazi wa zamu. Mkuu wa zamu, Aleksandr Akimov, na kijana Leonid Toptunov walikuwa wamekwisha kufa kwa mionzi mwezi wa Mei. Wafu hawajitetei.

Mwaka 1992 washauri walewale wakaandika ripoti nyingine. Wakakiri kwamba tanuri lenyewe lilikuwa na kasoro kubwa: fimbo za kulizimisha, zilipoanza kushuka, zingeweza kwanza kuongeza nguvu badala ya kuipunguza. Kasoro hiyo ilikwisha kuonekana mwaka 1983 katika mtambo wa Ignalina, lakini watu wa zamu hawakuonywa ipasavyo. Ripoti hiyo haikusema kwamba wafanyakazi hawakukosea. Ilisema kwamba walikabidhiwa mashine yenye ubovu ambao wakubwa waliujua.

Tunawapa heshima washauri waliorudi kusahihisha neno lao. Lakini ilichukua miaka sita. Tena kosa la kwanza lilitokana na kusikiliza upande mmoja.

Wala msidhani haya ni ya mbali tu. Tanuri la kwanza la atomiki katika Afrika liliwashwa Kinshasa mwaka 1959, na la pili la hapohapo Kinshasa mwaka 1972. Fimbo mbili ziliibwa huko, na moja ilikamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Mlinzi wa mlangoni na mwenye funguo wanajua mambo ambayo profesa hayaoni katika michoro.

Wengine watacheka: mtu wa darasa la sita atamwambia nini bingwa wa fizikia? Hatutaki kumfundisha fizikia. Tunataka atuulize vali ipi inakwama.

Kwa hiyo, kabla ya jiwe la msingi kuwekwa popote nchini, chama chetu kidai mambo haya yaandikwe katika sheria:

1. Kamati ya wataalamu isichaguliwe wala kulipwa na anayeuza au kujenga mtambo. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere.

2. Kila ushauri wake utangazwe kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa. Serikali ikikataa ushauri, itoe sababu zake kwa maandishi.

3. Kamati iwasikilize wafanyakazi wa mtambo bila mabosi kuwapo, na anayetaja kasoro asifukuzwe kazi.

Na tusingoje atomiki. Kamati za usalama ziko viwandani mwetu leo. Mwezi huu kila tawi liulize: nani aliwachagua wajumbe, na karatasi zao ziko wapi? Mjumbe akiletewa karatasi iliyokwisha andikwa, aiweke chini, aende kwanza kumwuliza mtu wa boila. Sisi hatukwenda.

Umoja ni nguvu. Tuwe macho!