Kibarua wa Miaka Kumi

Lugha yetu ina neno moja ambalo limetumwa kazi chafu kwa muda mrefu, na waandishi, wanaojiita walinzi wa lugha, wamelitazama likitumwa wakanyamaza. Neno lenyewe ni kibarua.

Wengi hulitamka bila kulipasua. Ni barua iliyotiwa ki- ya udogo: barua ndogo, kikaratasi. Pwani ya zamani mtu aliyefanya kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya, kisha akalipwa ujira wake. Baadaye jina la karatasi likamhamia mtu. Leo karatasi imetoweka, mtu amebaki na jina tupu. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Nenda Nairobi, Eneo la Viwanda, saa kumi na mbili asubuhi. Barabara ya Lunga Lunga imejaa watu wanaokuja kwa miguu kutoka Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kwa sababu nauli ya matatu ni chakula cha mchana. Miongoni mwao wamo wanaotengeneza mikebe: ya rangi, ya mafuta ya kupikia, ya dawa za wadudu, ya matunda. Muulize mmoja anafanya kazi gani. Atakwambia, "Nafanya kibarua tu, kwa kampuni." Tangu lini? "Aa, inaenda miaka kumi sasa."

Nasema waziwazi: hakuna kibarua wa miaka kumi. Kuna fundi aliyeibiwa jina lake. Na aliyeibiwa jina la kazi ameibiwa mengine mengi nyuma yake.

Msomaji mwenye digrii atacheka. Fundi gani huyo? Si anasimama tu kando ya mashine? Basi tuutazame mkebe. Unaanza kama karatasi ya chuma chembamba kilichopakwa madini ya bati pande zote mbili. Upande utakaogusa chakula hupakwa vanishi, upande wa nje huchapwa rangi na maandishi, halafu karatasi hupitishwa tanurini ikauke. Mkasi wa mashine huikata vipande. Kila kipande huviringwa, kingo zake huchomelewa kwa umeme unaopita kwenye waya wa shaba, mshono hupakwa vanishi tena, midomo hukunjwa nje, kisha huja kazi yenyewe: kuvisha kitako.

Hapa ndipo mkebe unapokuwa mkebe ama takataka. Mdomo wa kitako hujikunja chini ya mdomo wa mwili. Gurudumu la kwanza linakunja, la pili linabana, mpaka tabaka tano za chuma zinalala pamoja, tatu za kitako na mbili za mwili, na mpira laini unaziba penyo zilizobaki. Gurudumu likikaza kupita kiasi, chuma hupasuka. Likilegea, pindo linavuja. Tofauti kati ya pindo zuri na pindo bovu hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Mtu anayeisimamia mashine hiyo hukata pindo, hulipima, huirekebisha mashine, huiwasha tena. Mzoefu husikia mlio wake ukibadilika hata kabla ya kushika kipimo. Hilo hulijui kwa kusoma. Unalijua kwa miaka.

Na kosa lake si mchezo. Mwaka 1982 mtu mmoja alikufa Ubelgiji baada ya kula samaki wa mkebe aliyetoka Alaska. Kilichomuua ni sumu ya botulini, na mlango wa sumu hiyo ulikuwa tundu dogo kwenye chuma. Miili ya mikebe ilikuwa ikisafirishwa hadi Alaska ikiwa imebanwa bapa, halafu mashine kiwandani huko inairudishia umbo lake. Mashine hiyo ndiyo iliyotoboa. Mamilioni ya mikebe ya samaki ikarudishwa kutoka madukani. Chuma kimoja kilichokaa vibaya, mtu mmoja kaburini, biashara ya nchi nzima matatani. Sasa niambie: kazi ambayo uhai wa mlaji umeegemea juu yake, kwa akili gani inaitwa kibarua?

Sheria haiiti hivyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kisha kifungu cha 37 kinaongeza: akifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo zikijumlishwa zinatimia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kwisha kabla ya siku zake kujumlika miezi 3, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Hapo hawezi tena kuambiwa jioni, "Kesho usije," kama anayefukuzwa kwenye arusi asiyoalikwa. Ana haki ya notisi.

Ujanja wa kukwepa kifungu hicho kila mtu mtaani anaujua. Unaambiwa upumzike siku kadhaa, halafu unaitwa upya kana kwamba hukuwahi kuonekana. Ama unaandikishwa na ajenti wa nje, kiwanda kikikuuliza unakiri kwamba hukijui, nacho hakikujui. Mikono ni yako, mashine ni ileile, ila kwenye makaratasi wewe ni mgeni kila Jumatatu.

Kifungu cha 51 cha sheria hiyo ni kifupi na wachache wanakitumia. Kinasema mfanyakazi aliyetumikia angalau wiki 4 mfululizo, kazi inapokwisha, lazima apewe cheti cha utumishi: jina la mwajiri, jina lake, tarehe aliyoanza, tarehe aliyoacha, na aina ya kazi aliyofanya. Mwajiri halazimiki kukusifu. Analazimika kusema ulikuwepo, na ulifanya nini. Hiyo ndiyo ile barua ndogo! Hiyo ndiyo kibarua kwa maana ya asili, karatasi inayothibitisha jasho. Ndiyo hasa wasiyoipata watu tunaowaita vibarua.

Utauliza, karatasi ina faida gani? Nitakutajia mbili.

Ya kwanza ni masikio. Kiwanda cha mikebe ni chuma kinachogonga chuma kutwa nzima. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele kazini, za mwaka 2005, zinakataza mtu kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Uziwi wa kelele hauji kama ajali. Hauna damu wala king'ora. Unakuja polepole, kwanza sauti za watoto, kisha mazungumzo ya meza ya pili, mpaka siku mke anakwambia umekuwa mkaidi, kumbe humsikii. Tangu 2007 ipo pia sheria ya fidia kwa walioumia na waliougua kwa sababu ya kazi. Lakini fidia inataka jibu la swali moja: uliugua ukiwa kwa nani? Mtu aliyepita viwanda vinne kwa miaka kumi bila karatasi hata moja atajibu nini? Kwamba alikuwa akipita njia, kelele ikamfuata?

Ya pili ni kupanda ngazi. Fundi umeme, seremala na fundi magari wanaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, gredi ya 3, ya 2, mpaka ya 1. Wakihama, wanahama na ujuzi wao mkononi. Aliyefunga pindo za mikebe miaka kumi akihama anaanza getini, nyuma ya kijana aliyefika mjini juzi. Hiyo si ngazi. Huko ni kupanda mnazi uliopakwa mafuta.

Wakenya wazee wanaikumbuka kipande. Kuanzia 1920 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba hati yenye alama za vidole, majina ya waajiri, tarehe na ujira, na hati hiyo ilitiwa ndani ya kijimkebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Angalia kejeli ya historia: mkebe uliobeba habari za kazi ya Mwafrika ulikuwa mnyororo. Wazee walipigana nao, na walikuwa na haki. Lakini mwajiri mjanja wa leo amejifunza somo kinyume. Mkoloni aliandika kila kitu ili amfunge mfanyakazi. Huyu haandiki chochote ili asifungwe yeye.

Najua wenye viwanda watasema nini, na hoja yao si ya kutupwa bila kusikilizwa. Watasema biashara ya mikebe ina misimu. Matunda yakiiva wateja wanataka mikebe mara tatu, yakiisha mashine zinalala, nani atalipa mishahara ya mashine zilizolala? Sawa, msimu upo. Lakini msimu una mwanzo na mwisho, na mkataba wa msimu unaweza kuandikwa kwa tarehe zake. Miaka kumi si msimu. Watasema pia mashine mpya zinapunguza watu. Kweli kabisa. Mitambo ya kisasa ya mikebe ya vinywaji inapiga zaidi ya mikebe 1,000 kwa dakika na watu wake wanahesabika. Basi fanya hesabu: watu wakipungua na mikebe ikiongezeka, kosa la mtu mmoja linakuwa kubwa zaidi. Huyo ndiye unayetaka kumlipa kwa siku?

Sasa nawageukia nyinyi wenzangu wa kalamu, maana matajiri hawasomi gazeti hili.

Mnapenda kuandika kuhusu jiji. Nasoma miswada yenu: baa, mapenzi, polisi, mwanasiasa mwenye kitambi, msichana aliyetoka shamba akapotea. Wahusika wenu wana njaa, wana kiu, wana tamaa, ila hawana kazi. Asubuhi "anaenda kazini", jioni "anatoka kazini", na kati ya sentensi hizo mbili kuna saa kumi za maisha mlizozitupa shimoni. Shafi Adam Shafi aliandika *Kuli* mwaka 1979, wapagazi wa bandari ya Zanzibar wakapata riwaya yao. Meja Mwangi aliandika *Going Down River Road* mwaka 1976, wajenzi wa Nairobi wakapata yao. Nitajieni ya fundi wa mikebe. Nangoja.

Na si kwamba mkebe uko mbali nanyi. Koroboi ambayo mzazi wako alisomea usiku ilikuwa mkebe. Gorogoro anayopimia mahindi mama wa sokoni ni mkebe. Sanduku la bati ulilobeba kwenda bweni lilipigwa nyundo na jua kali wa Gikomba. Methali ya debe tupu kuvuma mnaitumia kila insha, na hamjawahi kuuliza ni nani aliyelitengeneza debe lenyewe, alilipwaje, na kama bado anasikia likivuma.

Kumtaja kwa usahihi ni mwanzo wa kumlipa kwa usahihi. Mwandishi akiandika "kibarua" pale ambapo ukweli ni "fundi", amemsaidia mwajiri kuandaa utetezi wake. Akijua jina la mashine, saa za shifti, uzito wa kelele na sentensi ya kifungu cha 37, ameandika hadithi ambayo mfanyakazi anaweza kuingia nayo ofisini na kuuliza swali.

Na wewe unayesoma huku umevaa aproni yenye madoa ya vanishi, hili ni lako. Nunua daftari la shule. Andika tarehe uliyoanza, kiwanda, mashine, jina la supavaiza, siku uliyoambiwa upumzike na siku uliyoitwa tena. Tunza kila ujumbe wa malipo ulioingia kwenye simu. Ukiondoka, omba cheti cha utumishi, na ukinyimwa, andika pia tarehe ya kunyimwa. Daftari hilo si riwaya, lakini siku moja litasomwa kwa makini kuliko riwaya nyingi za mjini hapa.