Lawama ya Mafuta Ina Mgao

Kila ifikapo tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli ya Kenya, hutangaza bei za mafuta zitakazotumika kuanzia usiku wa manane, na kila zinapopanda kilio huwa kimoja nchini: serikali imetumaliza. Kilio hicho kina msingi. Lakini lawama inayoelekezwa upande mmoja humwachilia huru kila aliyesimama upande mwingine, na katika jambo la mafuta waliosimama huko ni wengi, nasi tumo. Bei ya lita moja ya petroli imepita katika mikono mingi kabla ya kumfikia mnunuzi, na nauli anayolipa asiye na gari imepita katika mikono mingi zaidi. Anayetaka haki hana budi kumhesabia kila mmoja alichotenda, awe waziri, awe jirani, awe yeye mwenyewe.

Tuanze na wakubwa, maana fungu lao ndilo kubwa. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu hapo kila lita ya petroli na dizeli tunayochoma hutoka ng'ambo. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, pipa la mafuta ghafi lilipita dola 120 mwezi uliofuata, na hakuna Mkenya wa kulaumiwa kwa hilo. Yaliyofuata, hata hivyo, yaliamuliwa hapa kwetu. Septemba 2022 ruzuku ya petroli iliondolewa, na lita moja jijini Nairobi ikaruka kutoka shilingi 159.12 hadi 179.30. Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Oktoba mwaka huo lita ilikuwa shilingi 217.36, na zaidi ya theluthi yake ilikuwa ushuru na tozo. Wabunge walioipitisha sheria hiyo wana majina na wana maeneo bunge, na mpiga kura anayelalamika kituoni bila kujua mbunge wake alipiga kura gani amejinyima silaha aliyo nayo. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Juni 2024 vijana walijitokeza kuupinga Mswada wa Fedha, wengine wakapoteza maisha, na mswada ukaondolewa. Wiki chache baadaye tozo ya kukarabati barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Kilio hakikufika kimo kile, ingawa pesa zilitoka katika mifuko ile ile.

Sasa tushuke kwetu, na hapa naomba msomaji avumilie, kwa kuwa ndipo tusipopenda kutazama. Kwa miaka mingi mafuta taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli, kusudi mwenye stovu na taa ya chemni apate nafuu. Wapo wafanyabiashara walioiona nafuu hiyo ya maskini wakaifanya mtaji: waliyanunua mafuta taa kwa bei ya chini, wakayachanganya na dizeli usiku, wakauza mchanganyiko huo kwa bei ya dizeli. Injini za watu ziliharibika, hazina ya taifa ikapoteza ushuru, na mwaka 2018 serikali ikajibu kwa kuyatwika mafuta taa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili uchanganyaji usiwe na faida. Aliyelipa ni nani? Si mchanganyaji, bali ni mama wa mtaa wa mabanda aliyekuwa akinunua mafuta kwa kipimo cha chupa dukani. Septemba 2023 lita ya mafuta taa Nairobi ilikuwa shilingi 202.61 na ya dizeli 200.99. Sababu za hali hiyo si moja, lakini tozo hiyo ilikuwa ndani yake. Serikali ingeweza kuwasaka wahalifu badala ya kuwaadhibu wapishi, na kwa hilo inastahili lawama. Hata hivyo, mlango ulifunguliwa na watu wa kawaida: mwenye kituo, dereva wa lori, kibarua aliyeshika mpira, na kila aliyejua akanyamaza kwa kuwa alipata chake.

Jambo la pili ni nauli. Septemba hiyo hiyo ya 2023 petroli ilipanda kwa shilingi 16.96. Chukua matatu ya abiria 14 kutoka Nairobi kwenda Thika, safari ya kilomita 45 hivi, na tukadirie kwamba kwa sababu ya msongamano lita moja inaisukuma kilomita 8 tu. Itachoma lita 5.6, na ongezeko la gharama ni shilingi 95 kwa safari nzima. Gawanya kwa abiria 14: haifiki shilingi 7 kwa kila mmoja. Makanga anayeongeza shilingi 20 au 30 asubuhi inayofuata, akisema ni mafuta, anasema kweli kwa shilingi 7 za kwanza. Zilizobaki si za Urusi wala si za Hazina Kuu.

Nitaambiwa kwamba matatu haiendeshwi kwa mafuta peke yake. Ni kweli: kuna vipuri vinavyonunuliwa kwa dola, mkopo wa gari, bima, hongo njiani, na unga wa nyumbani kwa dereva. Ila gharama hizo nazo hupungua. Mapema 2024 dola ilishuka kutoka takriban shilingi 160 hadi 130 hivi, na kufikia Oktoba 2024 petroli ilikuwa shilingi 180.66, pungufu ya shilingi 36.70 kwa mwaka mmoja. Kama sababu iliyopandisha nauli ilikuwa ya haki, kupungua kwake kulipaswa kuishusha kwa kipimo kile kile. Wako watakaosema pia kwamba kuwagusa wanyonge ni kuwapumzisha wenye mamlaka. Naona kinyume. Waziri hujitetea kwa urahisi mbele ya umma unaopunjana, maana kila akiulizwa juu ya tozo atautaja ulanguzi wa mitaani. Na anayeumia kwanza nauli inapopita kiasi ni mnyonge mwingine, kibarua wa Mukuru au muuza mboga anayetoka Wangige na gunia lake.

Hapa abiria naye ana kazi. Shirika la matatu linaweza kutakiwa kubandika nauli zake stejini pamoja na bei ya mafuta iliyozizaa, na kuzibadilisha tarehe 15 bei inapopanda na inaposhuka. Jambo hilo halihitaji sheria mpya wala kibali cha Bunge. Linahitaji abiria wanaoikumbuka bei ya mwezi jana, na walio tayari kuuliza siku bei iliposhuka, wakiwa wengi na kwa sauti ile ile waliyoipaza ilipopanda.