Mbwa wa Zizini



Wiki mbili kabla ya Idi Kubwa ya mwaka mmoja uliopita si mbali, tuliamka alfajiri tukakuta mbuzi watatu wamelala zizini, makoo yametafunwa. Ilikuwa kazi ya koyoti, mnyama wa jamaa ya mbwa-mwitu, ambaye hapa Ohio yumo katika kaunti zote 88. Hasara ya fedha tungeistahamili. Lililotuumiza ni kwamba mbuzi wale walikuwa wa watu. Familia tatu zilikwisha kulipia udh-hiya wao, nasi ndio tuliokabidhiwa amana. Tulirejesha fedha huku tukiona haya kutazamana na wenyewe.

Hapo ndipo jirani yetu, Mmarekani mfugaji wa kondoo, alipotuambia kuwa pasipo mbwa tutakuwa tunawafugia koyoti. Mama yetu, aliyelelewa Unguja katika madhehebu ya Imamu Shafi, alijibu kwa neno moja: "Haiwi."

Hatukumbishia, tulikwenda kuuliza kwa wenye elimu. Imekuja katika Bukhari na Muslim kwamba afugaye mbwa hupungukiwa na thawabu zake kila siku, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba. Ruhusa ipo, lakini ni ruhusa ya kazi. Mate yake kwa Mashafi ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Akikugusa naye ni mkavu na nguo yako ni kavu, najisi haihami. Wenzetu wa Imamu Maliki humhesabu mbwa aliye hai kuwa ni tahiri, lakini hatukutaka kuhama madhehebu kwa sababu ya koyoti! Na kwa kuwa Mashafi hawajuzishi kuuza mbwa, jirani alitupa mtoto wa mbwa hiba, nasi baadaye tukampelekea mbuzi jike, hiba vilevile. Mama aliridhia kwa sharti moja, mbwa asivuke lango la ua wa nyumba. Ndoo ya udongo safi ikawekwa karibu na bomba la nje.

Asili ya mbwa huyu ni Kangal, katika mkoa wa Sivas nchini Uturuki, ambako wachungaji Waislamu wamewafuga tangu zamani kulinda kondoo, wakiwavika kola za chuma zenye miiba ili mbwa-mwitu asiwashike shingo. Rangi yake ni ya mchanga, uso mweusi, na dume aliyekomaa hufika kilo 50 na zaidi. Si mbwa wa kutumwatumwa. Hukaa na kundi, hujiamulia mwenyewe, hubweka usiku kucha, na mara nyingi kubweka huko kwatosha. Huko Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wa jamii hii na Cheetah Conservation Fund ili duma wasile mbuzi, na wafugaji nao wasiwaue duma.

Tulimweka jirani na mbuzi angali na miezi miwili, seng'enge ikiwatenga. Mwaka wa kwanza alitusumbua mno, akiwakimbiza wana-mbuzi na kuwavuta masikio. Asiye na subira ya miaka miwili asianze. Chakula chake kiwe cha watoto wa mbwa wakubwa, wala asinenepeshwe, kwani uzito wa haraka huharibu viungo. Apate chanjo ya kichaa cha mbwa, na kila mwezi dawa ya minyoo ya moyo, ambayo huletwa na mbu. Manyoya yasinyolewe wakati wa joto, kwa kuwa ndiyo kinga yake ya jua. Na siku ya kuchinja, tafadhalini, msimtupie maini wala mapafu mabichi. Humo huwamo vifuko vya mnyoo ambao hukomaa tumboni mwa mbwa, kisha mayai yake yakamrudia binadamu, hasa mtoto, yakamfanyia uvimbe wa ini.

Katika Ramadhani iliyofuata, Mama aliamka kupika daku, akamwona kupitia dirishani anahangaika, anataka kutapika na hatapiki, tumbo limevimba kama ngoma. Ni yeye aliyetugutusha. Tumbo la mbwa wakubwa wa namna hii huweza kujaa hewa na kujipinda, na asipopasuliwa upesi hufa katika muda wa saa chache. Daktari wa mifugo alimpasua kabla ya jua kuchomoza. Gharama ilikuwa bei ya mbuzi watano. Mama hakusema kitu, ila aliuliza kama mbwa anaruhusiwa kunywa maji.

Sasa tunapigiwa simu na ndugu wanaokaa ghorofani mjini, wanaotaka mbwa kama huyu kwa kuogopa wezi. Jawabu letu ni hapana. Huyu anataka ekari, ua madhubuti na mifugo ya kulinda. Akifungiwa chumbani atabweka hadi majirani wawashitaki, na ile ruhusa ya zizi haimhusu.