Ile Pipi Uliyomwahidi Iko Wapi?

Kila barazani ninapokaa nasikia kilio kile kile: "Mwanangu hana subira hata chembe! Akitaka kitu ni sasa hivi, ukichelewa anajigaragaza chini." Na dawa tunazozijua ni mbili tu: kofi au uongo.

Leo nina ugomvi na uongo. Mtoto analia anataka kukufuata sokoni, unamwambia, "Nyamaza, nitakuletea pipi." Unarudi mikono mitupu. Kesho tena hivyo hivyo. Halafu unashangaa hataki kulisikia neno "subiri". Asubiri nini, jamani?

Msidhani nabuni. Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester waliwajaribu watoto 28 wa miaka 3 hadi 5, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Kwanza waliwaahidi kalamu nzuri za rangi. Nusu yao wakaletewa kweli, nusu wakaambiwa samahani, hazipo. Baadaye kila mtoto akawekewa pipi laini moja mezani: usipoila kwa dakika 15, unapata ya pili. Waliotimiziwa ahadi walivumilia wastani wa dakika 12. Waliodanganywa? Dakika 3 tu! Hawakuwa walafi, walikuwa wameshamjua mtu wao.

Basi, mzazi mwenzangu, ahidi kidogo na utimize. "Baadaye" mtoto haielewi, hana saa. Mtaani kwetu yupo mama muuza maandazi, yeye humwambia wa kwake, "Nikiepua hili karai, nakubeba." Karai likiepuliwa, kweli anabebwa. Mtoto anakaa kimya anakodolea karai.

Hasira zikimpanda, wewe shusha sauti. Mwambie kinachomsumbua: "Umekasirika kwa sababu mwenzio kachukua mpira." Akijua jina la hasira yake, ipo siku ataisema badala ya kuuma wenzake. Na muache akacheze kombolela. Kule kujibanza nyuma ya mlango huku kicheko kinamtoka ni shule tosha ya kujizuia.

Kuhusu kofi nina swali moja tu. Mtu mzima aliyeshindwa kuuzuia mkono wake, atamfundishaje mtoto kuuzuia wa kwake?

Haya, nenda kalipe deni la pipi. Mtoto hasahau, anakuhesabia tu. Tukutane wiki ijayo.