Vita vya dakika 38: Nani anawakumbuka waliokufa?

Na Mwandishi Wetu, Kiwengwa

WATALII wanaofikia katika hoteli za Kiwengwa, pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja, hufika Mji Mkongwe na kusimuliwa habari za vita vifupi kuliko vyote katika historia. Agosti 27, 1896, manowari za Uingereza zililipiga mizinga kasri la Sultani kwa muda ambao wengi hutaja kuwa dakika 38. Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti siku mbili kabla bila ya ridhaa ya Waingereza, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani.

Hesabu nyingine hutajwa kwa nadra. Upande wa kasri, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Uingereza, alijeruhiwa baharia mmoja.

Kwingineko, vita vya kale hukumbukwa kwa maigizo. Nchini Uingereza, wapenzi wa historia huvaa mavazi ya zama zile na kuigiza mapigano ya Hastings ya mwaka 1066.

Unguja haina haja ya kuiga. Kila Julai huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa, wanaume hupigana kwa mashina ya migomba katika sherehe ya Mwaka Kogwa ili kumaliza magomvi ya mwaka uliopita, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Wageni hutazama, lakini shughuli ni ya wenyeji.

Vita vya 1896 vimekosa wenyewe wa namna hiyo. Hadi watakapopatikana, dakika zitaendelea kukumbukwa kuliko watu.